Gharama za mwaka za boti ya starehe: hesabu ya boti moja ya mita 6

Hakuna jibu la swali "boti inakula kiasi gani kwa mwaka" mpaka boti yenyewe itajwe. Basi tuitaje: ni boti ya faiba, urefu mita 6, upana mita 2.2, ina mashine moja ya nje ya HP 40 ya mipigo miwili, yaani ile ya kuchanganya oili ndani ya petroli. Inalala Dar es Salaam upande wa Msasani, na mwisho wa wiki inatoka na familia kwenda kisiwa cha Mbudya au Bongoyo, au inakwenda kuvua kwa mshipi. Yako ikiwa ndefu zaidi, ina mashine mbili au ni ya mbao, hatua ni zile zile. Vipimo ndivyo vitakavyobadilika.

Jambo la kushika tangu mwanzo: pesa ya boti hailiwi na safari, inaliwa na kukaa. Iliyotoka mara 3 kwa mwaka na iliyotoka mara 50 zinalipa karibu sawa kwa boya, rangi, mlinzi, bima na ukaguzi. Ndiyo maana makadirio yanayosemwa sana, kwamba utenge asilimia 10 ya bei ya boti kila mwaka, yanakaribia ukweli kwa boti mpya na yanadanganya kwa boti ya mtumba. Ukiipata kwa nusu bei, rangi haipungui nusu, na mlinzi hakubali nusu mshahara. Gharama hizi hufuata urefu wa boti na umri wa mashine, hazifuati ulichomlipa muuzaji.

Hatua ya 1: Amua italala wapi

Anza hapa kabla ya kuuliza bei ya kitu kingine chochote, kwa sababu uamuzi huu ndio unaopanga gharama nyingi zilizobaki. Njia ni tatu: kwenye boya majini, kwenye yadi nchi kavu, au nyumbani juu ya trela.

Boya linaonekana rahisi, na kwa ada ya mwezi mara nyingi ndivyo. Ila boti inayolala majini inahitaji rangi ya kuzuia uchafu wa bahari, inahitaji mtu wa kuitazama usiku, inahitaji pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya boti) inayojiwasha yenyewe wakati wa masika, na mashine yake haioshwi kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) kila baada ya safari kama inavyotakiwa. Hayo manne yahesabu kama sehemu ya bei ya boya.

Ukitengeneza boya lako mwenyewe, piga hesabu kwa kina cha maji makuu ya bamvua (siku ambazo maji hupanda na kupwa kuliko kawaida), usitumie kina ulichokiona siku ulipokwenda kukagua. Pwani yetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Pakiwa na mita 3 maji yakipwa kabisa, fanyia kazi mita 7. Mnyororo mzito wa chini uwe mara moja na nusu ya kina hicho, yaani mita 10 na nusu. Mwepesi wa juu uwe sawa na kina, mita 7. Kisha kamba kutoka kwenye boya hadi omo, yaani mbele ya boti. Mnyororo hushikwa chini na jiwe la zege. Jiwe la tani 1 likizama kwenye maji ya chumvi linabaki na uzito wa takriban kilo 570 tu, kwa hiyo anayekuuzia jiwe la kilo 300 amekuuzia mapambo.

Mnyororo hauliki sawasawa. Unalika pale unapoinuka na kulala chini kila boti inapopanda na wimbi, pingili chache tu, na zilizobaki zinaonekana nzima. Lipa mzamiaji mara 2 kwa mwaka, mwezi Aprili kabla ya kusi kukaza na mwezi Novemba kabla ya kaskazi, apime unene wa pingili hizo kwa kalipa. Zikibaki robo tatu ya unene wa awali, mnyororo umekwisha. Katika bajeti panga kubadilisha mwepesi kila mwaka wa 2 na mzito kila mwaka wa 3, pamoja na pingu zake za chuma, ambazo kila moja ifungwe waya ili pini isijifungue. Kamba ya omo ivishwe kipande cha mpira wa maji pale inapopita kwenye ukingo wa boti. Kamba nyingi hukatikia hapo.

Yadi hutoza kwa urefu, mara nyingi kwa futi kwa mwezi, na juu yake kuna malipo ya kupandisha na kuteremsha. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: je, kuteremsha kumehesabiwa ndani ya ada au kunalipwa kila mara? Na maji yakiwa yamepwa, trekta lao linaweza kufikisha boti majini, au unangoja muda wa saa 3? Yadi ya bei nafuu isiyoweza kukuteremsha asubuhi ya Jumamosi inakupunguzia saa za matumizi, na tutaona chini kwamba saa hizo ndizo hesabu yote.

Trela nyumbani huondoa ada ya maegesho lakini huleta matairi, beringi, taa na usajili wa trela yenyewe. Beringi hufa kwa sababu moja: umefika ufukweni zikiwa za moto, ukazizamisha majini papo hapo, hewa iliyo ndani ikajikunja na kuvuta maji ya chumvi. Ngoja dakika 20 hadi 30 zipoe kwanza, osha trela kwa maji baridi ukirudi, na tia grisi mpya kila baada ya miezi 6. Matairi ya trela hufa kwa jua na umri kabla kashata (meno ya tairi) hazijaisha.

Hatua ya 2: Mlinzi na kijana wa boti

Watu wengi huandika mshahara wa mwezi mmoja na kusahau kuuzidisha. Mshahara mara 12, ongeza mchango wa mwajiri wa asilimia 10 kwa NSSF, ongeza posho ya sikukuu ikiwa ndivyo mlivyokubaliana. Mashine ya HP 40 ina zaidi ya kilo 70; watu wawili wanaifungua na kuondoka nayo ndani ya dakika chache. Wamiliki wa boti zilizokaribiana wanaweza kuchangia mlinzi mmoja, na hapo gharama inapungua kweli. Kufuli la mashine na boliti ambazo hazifunguki kwa spana ya kawaida hununuliwa mara moja, na kampuni za bima huuliza kama unavyo.

Hatua ya 3: Matengenezo ya mashine

Hapa ndipo pesa ndogo huokoa pesa kubwa, basi tukae kidogo.

Ratiba ni kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Hilo la pili wengi hulipuuza: mashine iliyofanya saa 20 tu inahitaji huduma ile ile, kwa sababu chumvi haina saa ya mapumziko. Kwa mashine ya silinda 2, orodha ya mwaka ni hii:

- plagi 2 za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na 2 za akiba ndani ya boti
- oili ya gia, ambayo kwa mashine hii haifiki nusu lita, na washa 2 mpya za boliti zake
- impela 1 (gurudumu la mabawa linalosukuma maji) ya pampu ya maji pamoja na gasketi zake
- zinki zote (vipande vinavyowekwa vilike badala ya chuma cha mashine), ya mguu na za ndani ya mashine zikiwepo
- filta ya petroli, na filta kubwa ya kutenganisha maji kama unayo
- grisi ya baharini, mkebe mmoja

Oili ya gia hubadilishwa kwa utaratibu. Fungua boliti ya chini kwanza, kisha ya juu, acha imwagike yote. Itazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na sababu ya kawaida kwa boti za uvuvi ni mshipi uliojizungusha nyuma ya propela ukakata sili. Oili mpya isukumwe kutoka chini kwenda juu mpaka itoke tundu la juu bila mapovu. Funga boliti ya juu kwanza, ndipo uchomoe mrija wa chini na kufunga boliti ya chini haraka. Anayejaza kutoka juu anafungia hewa ndani na kudhani geaboksi imejaa. Sili ni ya bei ndogo. Gia zilizokaa ndani ya maji ya chumvi kwa miezi 3 si za bei ndogo.

Impela ni mpira. Mashine ikiwashwa nje ya maji hata kwa nusu dakika, mabawa yake hupata moto na kukatika. Vipande husafiri ndani na kuziba njia za maji, na hapo hata impela mpya haisaidii mpaka vipande vyote vitafutwe. Dalili ni maji yanayorushwa pembeni mwa mashine kupungua nguvu au kuwa ya moto sana. Usingoje dalili: badilisha kila mwaka. Boti inayofika ufukweni kwenye maji mafupi ya mchanga itahitaji kila baada ya miezi 6, maana mchanga unaila kama msasa.

Kuosha kwa maji baridi: baada ya kila safari, dakika 10, ili thamostati ifunguke na maji yafike kote. Pipa la lita 200 linatosha ikiwa maji yanafunika tundu la kuvutia maji na yanapita juu ya bapa lililo juu ya propela. Toa propela kwanza au acha gia katikati. Boti ya kwenye boya haipati huduma hii, kwa hiyo weka katika bajeti yake thamostati mpya kila mwaka wa 2 na kufungua kichwa cha silinda kusafisha chumvi mapema kuliko ya nchi kavu.

Zinki hubadilishwa ikibaki nusu. Isipolika kabisa usifurahi. Maana yake haigusani na chuma vizuri, na kinacholika badala yake ni mguu wa mashine. Kwaruza pale inapofungiwa mpaka chuma king'ae, na usiipake rangi kamwe.

Propela itolewe kila miezi 6, shafti ipakwe grisi na pini ya kufungia nati ibadilishwe, hata kama hakuna tatizo. Propela iliyokaa miaka 2 bila kutolewa huganda, na fundi ataitoa kwa moto na nyundo. Nunua ya pili ya akiba tangu mwaka wa kwanza. Ukigonga tumbawe mbali na nyumbani ndipo utakapoona umuhimu wake, na hiyo ya kwanza ikirekebishwa inakuwa akiba.

Mashine ya mipigo minne ina orodha ndefu kidogo: karibu lita 2 za oili ya injini na filta yake kila saa 100, na kwa nyingi mkanda wa ndani kila baada ya miaka 5 au saa 1,000. Kwa upande mwingine inakunywa petroli pungufu kwa takriban theluthi. Ukitembea saa 100 kwa mwaka utaiona tofauti. Ukitembea saa 30, bei kubwa ya kuinunua haitarudi mfukoni.

Hatua ya 4: Tumbo la boti

Ikiwa boti haikai majini zaidi ya siku mbili tatu mfululizo, ruka rangi ya kuzuia uchafu wa bahari. Maji baridi na sponji vinatosha. Ikiwa inalala kwenye boya, rangi ni ya kila mwaka, na maji yetu ya joto hayasamehe: ndani ya wiki chache tumbo lisilo na rangi linaota mwani, kisha magamba magumu ya chokaa, na boti iliyokuwa ikiteleza inaanza kuburuta.

Hesabu ya rangi: zidisha urefu kwa jumla ya upana na kina cha tumbo lililo chini ya maji. Kwa boti yetu ni 6 × (2.2 + 0.3), yaani mita za mraba 15. Lita 1 hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja (tabaka moja), na mikono ni 2, kwa hiyo lita 3. Ongeza lita 1 kwa mkono wa tatu kwenye mstari wa maji, omo na kingo, ambako rangi hulika kwanza. Lita 4 basi, pamoja na karatasi 12 hadi 15 za msasa wa maji namba 80 au 100, rola 2, tepu, tina lita 1, glavu na barakoa.

Piga msasa ukiwa umelowesha. Vumbi la rangi hii lina sumu, na fundi anayelipiga kavu huku amefunga kitambaa usoni anajidhuru. Koroga kopo muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha: shaba ni nzito, inatuama chini, na ukipaka ya juu tu utakuwa umepaka rangi ya ukutani. Boti ya alumini haitakiwi kupakwa rangi ya shaba, italiwa. Soma kwenye kopo muda wa kuteremsha majini baada ya mkono wa mwisho, kwani baadhi ya rangi hizi hupoteza nguvu zikikaa juani muda mrefu. Kwa hiyo pandisha boti mwezi Aprili mvua zikishika, fanya kazi za mashine na faiba chini ya paa, na rangi iwe kazi ya mwisho katika siku kavu kabla ya kuteremsha.

Wakati boti iko juu, kagua mawili. Kwanza malengelenge chini ya mstari wa maji: toboa moja, na ukitoka maji yenye harufu kama ya siki, maji yamepenya ndani ya faiba. Machache hukwaruzwa, hukaushwa na kuzibwa kwa epoksi. Pili, na hili ndilo linaloweza kumaliza bajeti ya miaka 2 kwa mkupuo, ni ubao wa tezi (nyuma ya boti) pale mashine inapofungwa. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi ndani ya ubao huo. Maji yakiingia kwenye tundu za boliti, plaiwudi inaoza huku faiba ya nje ikiwa safi. Gonga kwa mpini wa nyundo. Pakilia bubu, mashaka. Kisha shika mguu wa mashine, uinue na kuushusha kwa nguvu huku mwenzako akitazama ubao. Ukionekana unakunjika, tafuta fundi kabla ya safari nyingine. Kinga yake ni kufungua boliti kila mwaka wa 3 na kuzitia upya gundi ya baharini ya poliurithani. Silikoni ya bafuni haishiki hapo.

Kiraka kidogo cha faiba unaweza kujifanyia: rizini lita 1, mati ya faiba mita 1, hadina (kemikali ya kugandisha rizini). Kwa joto la Dar hadina mililita 10 kwa lita inatosha. Ukitia 20 jua la saa 6 litaigandisha ndani ya kopo kabla hujashika brashi.

Boti ya mbao ina hesabu nyingine kabisa. Badala ya rangi ya dukani kuna kalafati ya pamba na mafuta (ya kuziba nafasi kati ya mbao), sifa (mafuta ya samaki) kwa mbao za juu, shahamu au deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) kwa tumbo, na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa mwaka kwa sababu wadudu wa kutoboa mbao hawangoji. Vifaa ni rahisi, siku za fundi ndizo nyingi.

Hatua ya 5: Petroli, kwa kupima

Usikubali makadirio ya mtu. Jaza tangi la lita 24 mpaka juu, tembea dakika 60 kwa mwendo wako wa kawaida, rudi, jaza tena kwa kipimo cha lita. Mashine ya HP 40 ya mipigo miwili ikikandamizwa mpaka mwisho hunywa lita 18 hadi 20 kwa saa. Siku ya kawaida ya familia, yenye mwendo wa kasi kiasi na wa taratibu kiasi, huangukia karibu na lita 12. Kwa saa 100, hiyo ni lita 1,200.

Oili ya kuchanganya ni sehemu 1 kwa 50: mililita 480 kwa tangi la lita 24, na lita 24 za oili kwa mwaka. Mashine mpya hupewa sehemu 1 kwa 25 katika saa 10 za kwanza. Iwe oili ya baharini yenye alama TC-W3. Ile ya pikipiki imetengenezwa kwa injini ya moto zaidi inayopozwa na upepo, na humu inaacha masizi. Ukipunja oili, pistoni inakamata. Ukizidisha, plagi zinaloa na moshi unakuonyesha.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huwaka vibaya na inaweza kutoboa pistoni. Jaza kituo chenye wateja wengi, na mimina kidogo kwenye chupa nyeupe uangalie kama maji yanatuama chini. Filta ya kutenganisha maji ni ya bei ndogo kuliko kuosha kabureta mara moja.

Hatua ya 6: Karatasi, bima na vifaa vya uokoaji

Usajili na ukaguzi wa usalama Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Zanzibar chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA), Kenya chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA). Ada hutegemea ukubwa na matumizi, kwa hiyo peleka vipimo vya boti yako upate tarakimu iliyoandikwa. Ukianza kubeba abiria wa kulipa, hata mara moja moja ili "kurudisha mafuta", boti inahama kundi: inahitaji leseni ya biashara hiyo, nahodha mwenye cheti na bima tofauti. Redio ya VHF ya kufunga inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, na kiingilio hulipwa kwa kila kichwa. Familia ya watu 6 inayokwenda mara 20 kwa mwaka ina vichwa 120 vya kuandika kwenye bajeti.

Katika bima soma vifungu vitatu kabla ya kutazama bei. Kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Kama wizi wa mashine peke yake, boti ikiwa imeachwa, umo au haumo. Na kifungu cha thamani pungufu: boti ya milioni 40 ukiiandikisha kwa milioni 20 ili ulipe kidogo, hasara ya milioni 10 inaweza kulipwa milioni 5.

Vifaa vya uokoaji vina tarehe. Fataki za dharura hudumu miaka 3 au 4, tarehe imechapwa ubavuni. Kizima moto cha unga, kilo 2, hukaguliwa kila mwaka. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine kigeuze juu chini na kukitikisa kila mwezi, maana mitikisiko ya boti hushindilia unga chini. Majaketi ya uokoaji yawe sawa na idadi ya watu, na ya watoto yawe ya saizi yao. Betri ya volti 12 kwenye joto hili ihesabu miaka 3, na paneli ndogo ya jua ya wati 20 huifanya pampu ya ngama iwe hai wakati wa masika. Boti kadhaa huzama zikiwa zimefungwa kwenye boya, kwa mvua ya usiku mmoja na betri iliyokufa.

Walio Ziwa Victoria au Tanganyika wafute vitu viwili: rangi ya kuzuia uchafu wa bahari na kuosha chumvi. Badala ya zinki watumie magnesiamu, kwa sababu zinki kwenye maji baridi hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Magugu maji huziba tundu la kuvutia maji, kwa hiyo impela ibaki kwenye orodha.

Hatua ya 7: Akiba ya kubadilisha

Hii haina risiti, ndiyo maana haionekani. Mashine ya baharini mara nyingi huuawa na kutu kabla ya saa zake kuisha. Gawanya bei ya mashine mpya kwa 10 na uweke fungu hilo kila mwaka kwenye akaunti tofauti. Boti ya kwenye boya, gawanya kwa 8. Vipuri vinafuata dola, kwa hiyo pitia upya tarakimu hiyo kila Januari.

Hatua ya 8: Gawanya kwa saa

Funga saa ya kuhesabia muda wa mashine. Hujifunga kwenye waya wa plagi na haihitaji fundi. Kisha daftari: tarehe, saa, lita, kilichobadilishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wahenga waliosema hivyo huenda walikuwa na jahazi.

Sasa mfano wa namna hesabu inavyokwenda. Tarakimu ni za kupigia mfano, weka zako. Petroli shilingi 3,000 kwa lita, lita 12 kwa saa: 36,000. Oili ya kuchanganya mililita 240, tuseme 4,000. Safari basi inakula 40,000 kwa saa. Tuseme kila kilichobaki, yaani maegesho, mlinzi, huduma, rangi, karatasi, bima na akiba, kimefika 6,000,000 kwa mwaka.

Ukitembea saa 100, kila saa inabeba 60,000 za kukaa na 40,000 za safari: 100,000. Ukitembea saa 30, inabeba 200,000 na 40,000: 240,000. Na ukipunguza kasi ukaokoa robo ya petroli, yule wa saa 30 anaokoa 9,000 katika 240,000. Anayetaka kupunguza gharama aanze na milioni 6, kisha na idadi ya safari. Petroli ije mwisho.

Andika bei ya kukodi boti ya ukubwa huo kwa saa, pamoja na nahodha na mafuta, kando ya tarakimu yako. Ikiwa ya kukodi iko chini na hutarajii kuzidisha saa, kodi.

Njia ya kati ni kumiliki wawili. Gharama za kukaa zigawanywe nusu kwa nusu bila kujali nani ametoka mara ngapi, petroli na oili vilipwe na aliyetembea, na akiba ya mashine igawanywe kwa saa zilizosomwa kwenye kile kipima saa. Mkataba useme wazi ni nani analipa propela iliyopigwa kwenye tumbawe: aliyekuwa usukanini, siku hiyo hiyo, kabla boti haijarudishwa kwa mwenzake. Na useme tangi linarudishwa limejaa au tupu. Tupu ni bora, kwa sababu petroli iliyochanganywa ikikaa zaidi ya mwezi kwenye joto huanza kuharibika, na atakayekuta mashine haiwaki Jumamosi asubuhi ni yule mwingine.